Tangi la Tatu Lilioshwa

Karatasi ilikuwa na mistari minne tu, na Jeshi aliisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuyaamini macho yake. Ilisema kwamba yeye, mwosha matangi wa kiwanda, anakiri hakuosha Tangi la Tatu kwa mujibu wa taratibu, na kwamba kwa uzembe wake huo lita elfu mbili za mzigo wa kwanza zimegandia ndani ya tangi. Chini palikuwa na nafasi ya saini. Afisa Utumishi alikuwa amekwisha weka kalamu pembeni, kifuniko amekifungua kabisa, kama anayemmenyea mtoto ndizi.

Jeshi akaisukuma kalamu kwa kidole kimoja mpaka ikarudi kwa mwenyewe.

“Niliosha,” alisema.

Meneja alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likimchosha Jeshi zaidi, maana mtu mbaya unajua umsimamie wapi. Alimweleza kwa upole kwamba hakuna anayemfukuza. Akisaini, atahamishiwa kufagia uwanja, mshahara ule ule, jua kidogo na upepo mwingi. Asiposaini mpaka Ijumaa saa nne, basi ataondoka kwa kukaidi, na miaka yake kumi na tisa itaondoka naye. Afisa Utumishi akaongezea kwa sauti ya mahubiri kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Jeshi aliutazama mguu wake wa kulia, buti la mpira mpaka gotini. Akasema guu lenyewe ndilo hilo, limeingia matangini tangu Afisa Utumishi akiwa darasani anachongewa penseli, na halijavunjika hata siku moja.

Msimamizi wa zamu alikohoa ili asicheke. Mtu wa tano mle chumbani hakukohoa wala kucheka. Alikuwa Mkemia, msichana wa miaka thelathini na moja mwenye koti jeupe, na muda wote alikuwa akiikodolea macho meza kana kwamba imeandikwa kitu. Jeshi alimtazama mara moja tu, akainuka, akaikunja karatasi ile isiyo na saini na kuitia mfukoni. Aliposikia Afisa Utumishi anamwambia hiyo ni nakala ya ofisi, alikuwa keshafika koridoni.

Jina la Jeshi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na kiwanda mwaka ule waosha matangi wenzake watatu walipougua juma moja, naye akaosha matangi yote matano peke yake katika zamu moja. Mtu akasema huyu ni jeshi la mtu mmoja. Maneno mengine yakadondoka njiani, Jeshi likabaki.

Alikuwa na namna yake ya kuosha. Kwanza maji ya moto ya nyuzi themanini, yazunguke tangini dakika arobaini, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya ukutani. Kisha tangi lipoe, lipulizwe hewa, naye aingie kwa tundu la juu, kamba kiunoni, mtu mmoja nje akiishika. Huko ndani angesugua kwa brashi kuanzia begani mwa tangi mpaka tumboni, apige maji ya moto tena kwa mpira, halafu avue glavu. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Alikipapasa chuma kwa kiganja kitupu, mkono kwa mkono, kama mama anayetafuta homa kwenye paji la uso. Akiridhika aligonga ukuta wa tangi kwa mpini wa brashi mara tatu. Aliye nje akisikia mara tatu, alijua tangi ni safi, na Msimamizi alitia saini kwenye daftari. Katika miaka kumi na tisa hapakuwa na aliyewahi kukuta uchafu nyuma ya ile mara ya tatu.

Na siku ile ya kabla ya mzigo mkubwa alikuwa amegonga mara tatu.

Mzigo wenyewe waliuita kinyonga. Zamani kiwanda kilipika rangi na gundi, vitu visivyo na maajabu. Kinyonga kililetwa na Mkemia. Ni polima, aina ya ute mzito, mwangavu kama maji ya glasi. Ukipata joto unajikunja na kuwa mweupe pee. Ukipoa unajikunjua na kuwa mwangavu tena. Ukiumimina kati ya vioo viwili, na vioo hivyo ukaviezeka juu ya ghala, jua linapokolea paa linajitia kivuli lenyewe, na jua likishuka linafunguka. Hapana umeme, hapana kamba ya kuvuta. Miaka sita Mkemia alikuwa amekaa nao maabara akiupika kwa vikombe, na kwa vikombe haukuwahi kumwaibisha. Lakini kumpikia mgeni mmoja na kupikia shughuli ya watu elfu si kazi moja, na kila aliyewahi kushika mwiko anajua hivyo. Walipojaribu kwanza lita hamsini ndani ya Tangi la Tatu, mambo yalikwenda vizuri. Tangi likaoshwa. Kesho yake wakapika lita elfu mbili.

Ute ule ukishaiva una saa moja ya kutolewa kabla haujaanza kushikamana. Fundi Bomba akafungua valvu ya chini. Likatoka tone, likafuata la pili, kisha kimya. Walipiga bomba kwa nyundo, walisukuma hewa, walitukana. Saa ikaisha. Kinyonga kikaganda tangini kizima kizima, donge moja la tani mbili, likitikisika ukiligusa. Walilichimba kwa koleo siku tatu, na Jeshi mwenyewe alikuwa mmoja wa wachimbaji.

Wanunuzi, watu wa kuezeka maghala, waliomba ripoti. Hapo Meneja akapiga hesabu zake. Ripoti ikisema kinyonga ndicho chenye kasoro, wanunuzi wataondoka na mradi utafungwa. Ikisema mtu ndiye mwenye kasoro, mtu hubadilishwa, kazi ikaendelea. Na mtu wa karibu kabisa na tangi ni yule anayeliosha.

Sasa kuna jambo ambalo kiwanda kizima hakikulijua. Mkemia alikuwa binti wa kaka yake Jeshi. Miaka yote ya sekondari alikaa kwa Jeshi, shule ikiwa karibu, akala pale, akalala pale, akapigwa kofi moja pale kwa kuchoma godoro na dawa ya majaribio. Alipoajiriwa alimjia Shangazi yake akamwomba kitu kimoja: kazini wasijuane. Watu wasije wakasema amebebwa. Jeshi alicheka, akakubali. Basi kiwandani mmoja akawa Mkemia, mwingine akawa Bi Jeshi, wakasalimiana kwenye ngazi kama wageni wanaopishana benki. Mwanzoni Jeshi aliuona mchezo mtamu. Jumanne ile, mbele ya kalamu iliyofunguliwa, utamu ulimwishia.

Jumatano jioni, jua bado lipo, Mkemia alikuja nyumbani. Alimkuta Jeshi uani ameinama juu ya beseni, anafua aproni yake ya kazi. Ilikuwa imelowa kinyonga tangu siku za koleo, mifuko na mishono yote imejaa ute. Jeshi hakuinua uso. Aliitikia shikamoo kwa mdomo mkavu na kuendelea kufua.

Mkemia alivuta kigoda, akaketi, akazunguka sana kabla ya kufika. Alisema Meneja si mtu wa kulipiza. Alisema kufagia uwanja si aibu. Mwishowe akasema lililomleta.

“Saini tu, Shangazi. Mzigo wa pili ukitoka salama nitakurudisha mwenyewe.”

“Utanirudisha wapi? Mimi sijaondoka.”

“Shangazi, ni miaka yangu sita.”

“Na yangu ni kumi na tisa. Wewe uliyesoma hesabu, ipi kubwa?”

Akachukua birika kutoka jikoni, maji yakichemka, akayamwaga juu ya aproni. Maana Jeshi alikuwa na dini moja tu ya usafi, nayo ni kwamba uchafu mzito huondoka kwa maji ya moto. Ute ukageuka mweupe palepale, kama ute wa yai ukigusa kikaango. Akasugua. Ulijibana kwenye mishono, ukawa vipande vyembamba vigumu kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, na kadiri alivyosugua ndivyo vilivyojificha ndani zaidi. Akaongeza maji ya moto. Vikang'ang'ania. Jeshi akasonya, akaitupa aproni kwenye beseni la pili la maji baridi ya kusuuzia, akageuka kumkabili bintiye, mikono kiunoni.

Akamwambia yote. Kwamba uongo haujawahi kumtoka mdomoni kwa ajili ya tangi na hautaanza leo. Kwamba akisaini, kila tangi aliloliosha tangu siku ya kwanza litakuwa chafu, hata yale ambayo waliopika ndani yake wamekwisha staafu. Kwamba kilichomuuma si Meneja. Meneja hakulala kwake. Kilichomuuma ni kuketi meza moja na damu yake, na damu yake ikakagua mbao.

Mkemia alilia kidogo, kimya kimya, bila kujitetea. Jeshi hakumbembeleza. Alipochoka kusema alirudi kwenye beseni, akaikamata aproni kwa hasira ili aikamue.

Ilikuwa safi. Ute wote ulikuwa umevimba, umekuwa mwangavu, umeteleza wenyewe kutoka kwenye mishono na sasa ulikuwa ukielea majini. Jeshi aliigeuza aproni ndani nje. Akatia kidole mfukoni. Hamna kitu. Yai likishaiva halirudi kuwa bichi, lakini hiki kilikuwa kimerudi.

Wote wawili wakaliinamia beseni.

“Kule maabara,” Jeshi aliuliza taratibu, “vyombo vyako unaoshea maji gani?”

“Ya bomba.”

“Ya moto?”

“Hita ya maabara ilikufa kabla hata sijaajiriwa.”

“Miaka yote sita?”

Mkemia alitia kidole majini, akaugusa ute. Uso wake ulikuwa umeanza kubadilika.

“Na ile karatasi ya nyuzi themanini iliyoko ukutani kwa Tangi la Tatu, nani aliiandika?”

“Niliinakili kutoka kwenye matangi ya rangi,” Mkemia alisema. “Yote yana ile ile. Sikuifikiria. Shangazi, mimi ndiye niliyekitengeneza kitu kinachojikunja kwa joto, halafu nikaagiza kioshwe kwa joto.”

Ni kosa ambalo mjinga hawezi kulifanya. Mjinga angejaribu maji yoyote yaliyopo. Inahitaji mtu aliyesoma sana, anayeamini elimu inaishia pale chombo kinapomiminwa, na kwamba baada ya hapo ni kazi ya watu wenye ndoo.

Jeshi aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akaiona siku ile upya. Maji ya moto yakizunguka, mabaki yakijikunja na kuganda ukutani vipande vyeupe vidogo. Yeye akivisugua kwa nguvu zake zote, kwa uaminifu wake wote, akivisukumia chini kwa mpira wa maji ya moto, kwenye valvu, kwenye kiwiko cha bomba ambako kiganja hakifiki. Maji yakitoka kasi, safi, kwa sababu kilichokuwa njiani kilikuwa kimesinyaa. Yeye akigonga mara tatu. Kisha usiku bomba likipoa, na yale mabaki yakivimba.

“Kwa hiyo nilivyokuwa nasugua nilikuwa nalilisha bomba,” alisema. “Ningekuwa mvivu, nikalisuuza kwa maji ya bomba nikaenda zangu, mzigo ungetoka.”

“Ungetoka.”

Jeshi alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu kicheko kikakatika, akauliza lile swali lililobaki. Je, Ijumaa atasema?

Mkemia aliyapangusa macho kwa mkono wa koti. Alisema wanunuzi wakisikia mwenye kitu hakujua hata jinsi ya kukiosha, watauliza ni nini kingine asichokijua. Watafunga jalada. Alisema hajui, Shangazi, hajui kwa kweli.

Jeshi alimwambia aende nyumbani. Hakumwambia kwa ukali. Alimwambia tu kwamba yeye atasema lake, na kwamba mwosha matangi akisema lake huonekana anajitetea, lakini hilo halitamfunga mdomo. Alipobaki peke yake aliianika aproni kwenye kamba, akaitazama inavyodondosha maji, na moyo ukamuuma kuliko Jumanne.

Ijumaa mlinzi wa getini alimkuta amebeba ndoo, brashi, chupa mbili za chai na taulo. Akamuuliza kama anahama. Jeshi akasema ndiyo, anahamia ofisini kwa Meneja. Kabla ya kwenda huko alipitia karakana. Fundi Bomba, mtu wa maneno machache aliyefanya naye kazi tangu mwanzo, alikuwa amekifungua kiwiko cha bomba siku ya kuchimba na kukiweka chini ya meza yake bila kukigusa, kikiwa kimezibwa vilevile. Alimbebea mpaka mlangoni kwa Meneja, akabaki amesimama pale, hakualikwa wala hakuondoka.

Ndani walikuwa walewale, na kalamu ilikuwa imefunguliwa tena. Jeshi aliweka ndoo juu ya zulia. Afisa Utumishi akauliza hii ni nini. Jeshi akasema ni shahidi.

Akakisimamisha kiwiko juu ya ndoo, akamimina maji baridi kutoka kwenye jagi la mezani. Yalijaa mpaka ukingoni yakatulia, hayakwenda popote. Akayamwaga. Akafungua chupa ya kwanza ya chai, maji yakitoa mvuke, akaanza kumimina polepole. Kilichoziba kikageuka cheupe, kikasinyaa, kikajibana ukutani mwa bomba, na chupa ya pili ilipofika nusu maji yakaanza kutiririka kwenye ndoo, safi, bila kizuizi.

“Hivi ndivyo yalivyokuwa yakitoka siku ile,” alisema. “Msimamizi alikuwa amesimama hapo, akayaona kwa macho yake, akatia saini.”

Msimamizi alikubali kwa kichwa. Alionekana amefurahi kuulizwa kitu alichokijua.

Halafu Jeshi akaenda kuijaza ndoo maji baridi ya bomba, akakitumbukiza kiwiko humo na kuwaambia wangoje. Ulikuwa mngojeo mrefu kwa watu wa ofisi. Meneja alitazama saa, Afisa Utumishi alipanga karatasi zilizokuwa zimepangwa. Baada ya nusu saa Jeshi alikitoa, akamimina maji, yakasimama tena mpaka ukingoni. Akatia mpini wa brashi, akasukuma kidogo tu. Donge likatoka zima, mwangavu, likateleza juu ya zulia la Meneja na kusimama karibu na kiatu chake.

Meneja alikuwa mwepesi wa kuelewa, na hilo lazima tumpe. Akatabasamu kama mtu aliyeona mlango wa nyuma. Akasema basi, yameisha. Ripoti iandike hitilafu ya bomba. Hakuna mtu wa kulaumiwa, hakuna wa kuhamishwa, Bi Jeshi arudi kazini kwake. Afisa Utumishi alikuwa keshavuta karatasi nyingine.

Na hapo pangekuwa mwisho, kama mwenye hadithi angekuwa mtu mwingine. Jeshi alitazama mlangoni, alikosimama Fundi Bomba na mikono yake mikubwa.

“Bomba lina mwenyewe,” alisema. “Juma lijalo mtamfungulia yeye kalamu. Sitaki.”

“Mama, nimekuachia kazi yako,” Meneja alisema, na upole ulikuwa umeanza kumpungukia. “Sasa unataka nini?”

“Nataka maneno mawili. Tangi lilioshwa.”

“Nikiyaandika hayo, na bomba halina kosa, na wewe huna kosa, kosa litakuwa la nani?”

Jeshi alifumba mdomo. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa mbele ya ulimi, na lingemwokoa sekunde ileile. Lakini yapo maneno ambayo mtu hamtolei mwanawe mbele za watu hata kama mwana mwenyewe amenyamaza. Akatazama dirishani. Kalamu ilikuwa juu ya meza, na saa ya ukutani ilisema dakika sita zimebaki kufika saa nne. Akaamua kama ni kuondoka, ataondoka akiwa ameoga, bila saini ya uongo.

“La kwangu,” Mkemia alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Akainuka, kiti kikakwaruza sakafu, na mara ya pili sauti ikatoka kubwa zaidi.

“Karatasi ya ukutani niliiandika mimi. Shangazi aliosha kama nilivyomwandikia.”

Afisa Utumishi akauliza shangazi gani.

“Huyu. Dada wa baba yangu. Nimekula kwake miaka yote ya sekondari, na humu ndani nimemwita Bi Jeshi kama simjui, kwa sababu niliogopa watu watasema nimebebwa. Na Jumanne niliogopa zaidi.” Aligeuka kwa Meneja. “Ulimuuliza kosa la nani. Nimejibu.”

Meneja alimkumbusha wanunuzi. Akamwambia kwa neno lile watu hawa wanaweza kufunga jalada leo leo, na jalada lenyewe ni lake, si la mtu mwingine.

“Nawajua,” Mkemia alisema. “Wakikikataa, wakikatae kwa jambo la kweli. Sitawauzia paa lililosimama juu ya uongo wa mwosha matangi.”

Akaichukua kalamu ile ile ya Jumanne. Aliandika ripoti palepale, amesimama, kwa mkono, na mstari wa kwanza ulikuwa maneno mawili. Jeshi aliisoma mpaka chini kabla ya kukubali kuibeba ndoo yake. Meneja aliwaambia watapewa mzigo mmoja, mmoja tu, Alhamisi, wanunuzi wakiwapo, na ukiganda watatoka wote wawili kwa mlango mmoja. Jeshi akamjibu kwamba mlango mmoja wameutumia miaka mingi, wanaujua.

Alhamisi wanunuzi walikuja watatu, wamevaa kofia za plastiki na nyuso za watu waliosoma ripoti. Jeshi alikuwa ameliosha tangi tangu asubuhi, kwa maji baridi, huku akinung'unika, maana dini ya mtu haibadiliki kwa siku moja. Mzigo ukaiva. Fundi Bomba aliishika valvu, akamtazama Jeshi, akafungua. Likatoka tone, likafuata la pili. Mkemia aliushika mkono wa shangazi yake, akaufinya mpaka vidole vikauma. Kisha kinyonga kikaja, mkono mzima wa ute mwangavu usiokatika, mpaka mapipa yakajaa na dakika ishirini zikabaki kwenye saa. Mmoja wa wanunuzi alitia kidole, akakipeleka kwenye taa ya moto, akakiona kinageuka cheupe, akacheka kama mtoto. Mkubwa wao hakucheka. Aliuliza ni nani aliyeliosha tangi la kwenye mstari wa kwanza wa ripoti. Alipoonyeshwa, alimpa mkono. Jeshi aliupokea akiwa na glavu.

Walipoondoka, tangi lilibaki na mabaki yake kama kila tangi. Jeshi alikuwa anafunga kamba kiunoni Mkemia alipomshika bega, akamwambia leo ataingia yeye. Alikuwa amekwisha vua koti jeupe na kuvaa aproni iliyomfika vifundoni. Msimamizi alianza kusema kwamba wakemia hawaingii matangini. Akamwona Jeshi usoni, akaacha.

Jeshi alimfunga kamba kwa mkono wake, akaivuta mara mbili kuijaribu, akamwonyesha pa kuanzia. Kisha alikaa nje ameshika kamba, akasikiliza. Alisikia mpira wa maji, alisikia brashi, alisikia mtu akiteleza na kutaja neno ambalo hakufundishwa nyumbani. Ilipita saa nzima. Mwishowe ukuta wa tangi ukagongwa mara tatu.

Msimamizi akafungua daftari, akasita, akampa Jeshi kalamu. Alisema leo mkaguzi ni yeye.

Jeshi hakuipokea. Alipanda ngazi, akavua glavu, akaingiza mkono na nusu ya mwili kwenye tundu, akapapasa chini ya bega la tangi, mahali ambapo wavivu hupasahau. Akatoka, akiwa anasugua ute kati ya kidole gumba na cha shahada.

“Rudia,” aliliambia tundu lile.

“Shangazi,” sauti ilijibu kutoka ndani, ikivuma ndani ya chuma mpaka karakana nzima ikageuza shingo, “mikono imekufa ganzi.”

“Rudia.”

Maji yakafunguliwa tena. Watu walikuwa wameacha kazi zao, wanatazama. Zilipita dakika kumi na tano, kisha ikaja moja, ya pili, na baada ya kimya kidogo, kama mtu anayepapasa kwa mara ya mwisho ili ahakikishe, ya tatu.

Jeshi alipanda, akapapasa kila alipofika kiganja, akashuka. Akajipangusa mkono kwa aproni, akachukua kalamu. Akaandika maneno mawili, tangi lilioshwa, na chini yake akatia saini.